Kwenda Bryce Canyon: jinsi ya kushuka korongoni na kurudi juu pumzi ikiwepo

Tuelewane kitu kimoja kwanza. Milima ya kwetu unapanda ukiwa na nguvu, ukichoka unageuza, na kurudi ni mteremko. Bryce Canyon ni kinyume kabisa, gari linakufikisha juu, unashuka ukiwa mpya mpya unacheka na kupiga selfi, alafu kazi yenyewe inakuja mwisho, jua limeshakuwa kali na chupa ya maji imebaki nusu. Wengi wanaoteseka pale wanateseka kwa sababu hiyo tu, wala sio kwamba njia ni ngumu kivile. Kwahiyo mwongozo huu wote nimeupanga kwa kufuata hilo, kila unaposhuka ujue deni linaandikwa.

Pahala penyewe ni kusini mwa jimbo la Utah, Marekani, na ni hifadhi ya taifa tangu 1928. Jina ni la Ebenezer Bryce, seremala Mskochi wa dhehebu la Mormon aliyehamia bonde la chini yake miaka ya 1870 na mifugo yake, na inasimuliwa kwamba akiulizwa kuhusu korongo lile yeye alikuwa anasema tu ni mahali pabaya sana kupotelewa na ng'ombe. Ukisimama ukingoni unamuelewa, maana chini yako kuna maelfu kwa maelfu ya nguzo za mawe, nyekundu, za rangi ya chungwa, nyeupe juu, zimesimama zimebanana mpaka huoni ardhi. Hizo nguzo wanaziita huduu. Kama ulishafika Marafa kule nyuma ya Malindi, au Isimila pale Iringa, basi umeshaona sampuli, ila hapa zidisha ukubwa mara nyingi na ongeza baridi. Na baridi ndiyo fundi mkuu: mchana theluji inayeyuka, maji yanaingia kwenye nyufa, usiku yanaganda, na maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9, yanapasua jiwe. Mchezo huo unaendelea karibu nusu ya usiku wote wa mwaka, mwaka baada ya mwaka, ukuta unakuwa dirisha, dirisha likidondoka juu zinabaki nguzo.

Hatua ya 1: chagua mwezi, na usidanganyike na neno jangwa

Watu wakisikia jangwa wanabeba kaptula na singlendi, wanafika wanatetemeka. Ukingo wa korongo uko kati ya mita 2,400 na 2,700 na ushee juu ya bahari. Yaani pale wanaposimama watu wengi kupiga picha, Sunset Point, ni sawa na kusimama Iten kule Kenya, na mwisho wa barabara, Rainbow Point, ni mita 2,778, juu kidogo ya kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro. Mtu wa Eldoret au Njombe hatasikia kitu. Mtu wa Dar, Mombasa, au anayekaa Dubai na Muscat, atapanda ngazi mbili za hoteli ashangae moyo unapiga ngoma ya nini.

Mei mpaka Septemba ndiyo rahisi zaidi. Mchana wa Julai unakuwa wa joto la wastani, nyuzi 27 hivi, lakini usiku unarudi chini ya 10, sasa hapo sweta linahusika hata kiangazi. Julai na Agosti kuna mvua za mchana zenye radi, nitarudi hapo. Septemba na mwanzo wa Oktoba mimi ndiyo napenda kupita yote, hewa kavu, anga safi, watu wamepungua kiasi. Theluji inaweza kuanza Oktoba na kuendelea mpaka Mei, na ukweli usemwe, huduu nyekundu zikiwa na theluji kichwani ni picha ambayo huwezi kuisahau, ila wakati huo njia za kushuka zinakuwa barafu na unahitaji vile vyuma vya kuvalisha chini ya viatu, bila hivyo kaa ukingoni tu utazame.

Hatua ya 2: safari ya kufika, na hesabu ya saa

Uwanja mkubwa wa ndege unaotumika sana ni Las Vegas, kama kilomita 420, masaa manne ya kuendesha bila kusimama simama. Salt Lake City, ambako ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi wanaishi, nako ni masaa manne hivi kuja kusini. Kodi gari, usafiri wa umma wa kukutoa huko mpaka hifadhini usiutegemee.

Sasa hapa kuna mtego. Utah iko saa moja mbele ya Nevada, jimbo la Las Vegas. Ukitoka Vegas saa mbili asubuhi ukaendesha masaa manne, hufiki saa sita, unafika saa saba. Simu itajirekebisha yenyewe ikipata netiwaki, lakini saa ya mkononi na ile ya kwenye gari haitakuambia. Na kitu kingine kwa sisi tuliozoea jua kuchomoza na kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima: pale Juni jua linazama karibu saa tatu usiku, Desemba linachomoza saa moja na dakika 40 asubuhi na saa kumi na moja na robo jioni limeshaondoka. Angalia muda wa jua wa tarehe yako kabla hujapanga chochote.

Ukiingia barabara namba 12 kutokea magharibi utapita Red Canyon, mawe mekundu yameinama pembeni na barabara inapenya kwenye vitundu viwili vilivyotobolewa kwenye mwamba. Wengi wanadhani wameshafika, wanapaki na kumaliza betri ya simu kwa picha. Bado. Jaza mafuta mji wa Panguitch au kwenye kituo cha nje ya geti, ndani ya hifadhi hamna. Usiendeshe kasi giza likishaingia, swala wa kule wanakatiza barabara bila kuuliza.

Hatua ya 3: hela ya getini

Gari binafsi ni dola 35, inatumika siku saba. Ila kuanzia Januari 2026 kuna jipya na linatuhusu sana sisi tunaotembelewa na ndugu kutoka nyumbani: asiye mkazi wa Marekani, mwenye miaka 16 kwenda juu, anaongezewa dola 100 kichwani, na Bryce ni moja ya hifadhi 11 zenye hiyo nyongeza. Zion na Grand Canyon nazo zimo humo. Sasa piga hesabu kabla hujafika dirishani, mgeni akienda hizo tatu kwa safari moja ni dola 300 za nyongeza peke yake, wakati pasi ya mwaka ya asiye mkazi ni dola 250. Mkazi pasi yake ya mwaka ni dola 80, na hapo utaonyesha kitambulisho cha Marekani chenye picha, leseni ya udereva inatosha, kwahiyo usiiache hotelini. Lipa kwa kadi, usiende na noti mkononi.

Hatua ya 4: begi

Maji ndiyo ya kwanza. Ukishaondoka ukingoni, chini hamna bomba, hamna kibanda cha soda, hamna mama anauza ndizi. Kwa mzunguko wa masaa mawili matatu mtu mmoja abebe lita mbili kiangazi, mtoto naye abebe yake. Mabomba ya kujazia yapo kwenye kituo cha wageni. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona mkavu kumbe unaisha, ndiyo maana unakunywa kabla ya kiu.

Viatu sasa. Njia zile zimefunikwa na vijichangarawe vidogo vya duara, kwenye mteremko vinabingirika chini ya mguu, na walinzi wa hifadhi wenyewe kila siku wanaimba wimbo huo huo wa vifundo vya miguu kuteguka. Raba ya mtaani iliyoisha soli ni kiatu cha kukurudisha umeshikiliwa kushoto na kulia. Tafuta chenye meno chini. Malapa usiniulize.

Mengine ya haraka: kofia, miwani, mafuta ya jua (ndio, hata ngozi nyeusi, jua la mita 2,500 sio la baharini), mafuta ya mdomo, karanga au kitu chenye chumvi, koti jepesi, tochi ya kichwani kama utakuwepo alfajiri au usiku. Ramani pakua kabla, netiwaki inakuja na kuondoka.

Hatua ya 5: siku ya kufika, tulia juu

Ukifika mchana usikimbilie chini. Mwili unahitaji kuizoea hewa, kichwa kikianza kugonga kidogo au usingizi ukawa wa mang'amung'amu usiogope, ni mwinuko tu, kunywa maji, acha bia mpaka kesho. Kichwa kikizidi na kutapika kukaanza, shuka na gari mji wa Tropic ulioko chini ya korongo, kilomita chache tu na mwinuko unapungua.

Siku hiyo tembea ukingoni kati ya Sunrise Point na Sunset Point. Ni kama mita 800, imewekwa lami, kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto vinapita, ukiwa na bibi au babu aliyekuja kutembea hii ndiyo njia yake na haoni kidogo kuliko wewe. Kutoka Sunset Point tafuta ile nguzo yenye jiwe zito juu na shingo nyembamba, wanaiita Nyundo ya Thor, ukiiangalia unajiuliza inasubiri nini.

Na usikae Sunset Point kusubiri machweo kama jina linavyokuita. Korongo linatazama mashariki, jua linazama nyuma ya mgongo wako, nguzo zinaingia kivulini mapema, unabaki unapiga picha ya kivuli. Basi la bure la hifadhi linapita vituo hivyo kuanzia Aprili mpaka Oktoba, litumie, maana kuanzia saa nne asubuhi kutafuta paking pale ni kama kutafuta kiti cha dirishani kwenye daladala ya jioni.

Hatua ya 6: alfajiri, Bryce Point

Amka. Najua ni likizo, amka tu. Bryce Point iko juu zaidi, mita 2,530 hivi, na unaliona bakuli lote la korongo kwa mara moja. Fika nusu saa kabla ya jua. Mwanga wa kwanza unagusa vichwa vya nguzo tu, unashuka taratibu, alafu kuna dakika kadhaa ambapo mwanga unagonga ukuta mmoja unaruka kwenda mwingine, hapo hata zile zilizo kivulini zinawaka kwa ndani kama makaa. Watu wakiona jua limeshatoka juu wanakimbilia kifungua kinywa, kumbe hiyo ndiyo inaanza. Baki. Hapo upepo unakata, glavu zinasaidia hata Mei.

Hatua ya 7: kushuka

Ukiwa na siku moja tu ya kutembea, njia ni hii na usihangaike na nyingine: anzia Sunrise Point, shuka Queen's Garden, chini unganisha na Navajo Loop, panda kutokea Sunset Point, rudi kwa ile lami ya ukingoni. Jumla kilomita 4.6, kupanda na kushuka kama mita 190, masaa mawili mpaka matatu. Ifanye kwa mwelekeo huo huo, wa mishale ya saa, Queen's Garden mteremko wake ni wa upole, magoti yanakushukuru. Anza kabla ya saa mbili asubuhi, nguzo bado zinakupa kivuli.

Utapita kwenye milango iliyotobolewa kwenye kuta, mmoja baada ya mwingine, na ukiweka kiganja ukutani unakuta jiwe ni chengachenga, vumbi la rangi ya tofali linabaki kwenye vidole. Ni laini hivyo. Ndiyo maana hairuhusiwi kupanda juu ya nguzo wala kukata kona kuvuka njia, sio ukali wa bure, mguu mmoja unabomoa. Mwisho wa Queen's Garden kuna nguzo inayofanana na sanamu ya Malkia Victoria, yule yule aliyewekwa jina kwenye ziwa letu, naye kumbe alishafika na huku. Kichepuko cha kwenda kumuona ni kifupi, ila nyie wenye haraka mkikiruka hamjapoteza sana.

Chini kabisa kuna tambarare yenye misonobari, kivuli kizuri, hapo kaa dakika kumi, kula karanga, kunywa. Hapo ndipo mahali pa kujipima. Kama maji yameshabaki chini ya nusu, hakuna kuongeza njia. Pale pale kuna kibao cha kwenda Peekaboo, ni mzunguko mwingine, kilomita karibu 9 ukiuanzia Bryce Point, na kupanda kwingi, mzuri mno, una farasi pia wanapita (wakija simama upande wa mlima, kaa kimya, waache), ila mtu anauongeza kwa hamasa ya picha alafu anaujutia saa saba mchana. Uweke siku yake.

Hatua ya 8: kulipa deni

Kupanda Navajo kuna pande mbili, Wall Street na Two Bridges. Kama Wall Street iko wazi, pita hapo. Wakati wa baridi wanaifunga kwa sababu ya barafu na mawe kudondoka, na mawe yakidondoka kweli inaweza kubaki imefungwa, kwahiyo ulizia kituo cha wageni. Kuta zinabana pande zote mbili mpaka anga linabaki utepe, na katikati ya kubanwa huko kuna miti imesimama, mirefu, imenyooka, haina tawi mpaka juu kabisa inapokutana na jua. Ukiinua shingo kuiangalia unapumzika bila mtu kujua umechoka.

Alafu zinaanza kona. Njia inajikunja kushoto kulia kushoto kulia, kila ukidhani ni ya mwisho kuna nyingine. Namna ya kuipanda ni moja: pole pole tangu kona ya kwanza, sio tangu ya tano. Kanuni yangu ni kwamba kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, unaenda mbio. Simama kwenye kona yenyewe, upande wa ndani, sio katikati ya njia. Wanaopanda wana haki ya njia, wanaoshuka wanakupisha, wengi hawajui lakini wewe jua. Vijana watakupita wanaruka ruka, kona tatu mbele utawakuta wamekaa.

Hatua ya 9: mchana kaa ndani ya gari

Miguu imechoka, jua ni kali, sasa ndiyo wakati wa barabara ya kilomita 29 kwenda Rainbow Point. Usisimame simame wakati wa kwenda, endesha moja kwa moja mpaka mwisho, kisha urudi ukisimama, maana wakati wa kurudi vituo vyote vinakuwa upande wako wa kulia na huvuki barabara. Natural Bridge ni lazima, tundu kubwa kwenye mwamba unaliona kutoka paking. Pale Rainbow Point kuna kizunguko cha kilomita 1.6 kinachopita kwenye misonobari ya kale sana, mmoja wao umri wake ni zaidi ya miaka 1,600. Ukiwa na nusu siku tu hifadhini, hii hatua yote iache, shuka Queen's Garden, hutojuta.

Ukisikia radi, hata ya mbali, toka ukingoni ingia kwenye gari au jengo. Ukingo ni mahali pa juu na penye reli za chuma, hamna mjadala hapo. Na vile vichindi vinavyokuja miguuni kuomba chakula usivipe, vinang'ata na vina viroboto vya magonjwa.

Hatua ya 10: usiku, na njia ya kutokea

Kula mapema, miji ile ni midogo, jiko linafungwa usiku bado mchanga, na Jumapili baadhi ya maduka hayafunguki kabisa. Usiku usio na mwezi rudi ukingoni, taa zimezimwa kwa makusudi, tangu 2019 hifadhi inatambulika kimataifa kwa giza lake. Zima simu, yape macho dakika 20, kisha inua kichwa. Tochi iwe ya mwanga mwekundu ili usiwaudhi wenye kamera, na usitoke nje ya reli, giza lile halionyeshi ukingo unaishia wapi.

Asubuhi ya kuondoka, kama unaelekea mashariki kwa barabara ya 12, simama Mossy Cave, kilomita kama 6 baada ya njia panda ya kuingia hifadhini. Huhitaji kupita getini. Kwenda na kurudi ni kilomita 1.3, kuna kijito na maporomoko madogo, na maji yenyewe sio ya asili ya pale, ni mfereji uliochimbwa kwa mikono na walowezi wa Tropic kati ya 1890 na 1892 kuleta maji mashambani. Watoto wanapapenda kuliko korongo lote. Paking ni ndogo sana, fika kabla ya saa tatu asubuhi au utaikuta imejaa.